Bawasiri si nyama iliyoota

Wauzaji wa maduka ya dawa muhimu, Mtwara mjini hadi Nachingwea, wanamjua mteja huyu kabla hajafungua mdomo. Anasubiri wenzake waondoke, anauliza bei ya panadoli asiyoihitaji, kisha anainamia kaunta na kunong'ona: "Kaka, kuna kitu huku nyuma kinanisumbua." Anapewa tyubu ya krimu au vidonge vya kuingiza kwa nyuma, anatia mfukoni haraka, basi. Aliyeuza hakukiona kitu chenyewe, na aliyenunua anashukuru kwamba hakikuonwa. Siku zikipita bila nafuu, hatua inayofuata ni namba ya simu iliyobandikwa kwenye nguzo ya umeme, ile ya dawa moja inayotibu bawasiri, busha, kisukari na upungufu wa nguvu za kiume kwa mpigo.

Safari yote hiyo inasimama juu ya wazo moja: kwamba bawasiri ni kinyama kigeni kilichoota mahali pabaya, na tiba yake ni kukikausha, kukiunguza au kukikata mpaka kiishe. Wazo hilo si la kweli. Likishaondoka, maswali mengi kuhusu tiba ya nyumbani hujijibu yenyewe.

Kila binadamu huzaliwa na vifuko laini ndani ya mlango wa haja kubwa, kwa kawaida vitatu, vilivyojaa mishipa midogo ya damu na kushikiliwa na nyuzi za misuli. Kazi yake ni kuziba. Misuli ya mlango ikijifunga, katikati hubaki upenyo mdogo, na vifuko hivyo vikijaa damu ndivyo vinavyoumalizia. Ndiyo maana mtu anaweza kukohoa, kucheka au kunyanyua gunia la korosho bila upepo wala choo kumponyoka. Mwaka 1975 daktari mpasuaji wa Uingereza, W. H. F. Thomson, aliyachunguza maumbile hayo kwa makini akaeleza kwamba bawasiri ni vifuko hivihivi vya kila mtu, ila vimelegea na kuteremka. Maelezo yake ndiyo yanayofuatwa na madaktari mpaka leo.

Kinachovilegeza hasa ni shinikizo la mara kwa mara. Mtu anapojikamua kutoa choo kigumu, hubana pumzi, damu ya sehemu ile hushindwa kupanda kurudi juu, vifuko hujaa kupita kiasi, kisha choo kikipita huviburuta kuelekea nje. Ikitokea siku moja, hurudi mahali pake. Ikitokea kila asubuhi kwa miaka, nyuzi zinazovishikilia huchakaa. Umri nao huzilegeza. Mimba huongeza uzito juu ya mishipa ya nyonga. Kuharisha kwa muda mrefu nako huchokoza eneo lilelile, jambo ambalo wengi hawalitarajii. Ngozi nyororo inayofunika kifuko ikikwanguliwa, hutoka damu nyekundu ya kung'aa, inayodondoka chooni au kuonekana kwenye maji ya kuchambia baada ya choo kutoka.

Kwa hiyo mtu anayetafuta dawa ya "kuiondoa" bawasiri mwilini anatafuta kuondoa kiungo chake. Anachokihitaji ni kukipunguzia mzigo kiungo hicho ili kinywee na kurudi kwenye kazi yake.

Inayouma na isiyouma

Kiasi cha sentimita mbili ndani ya mlango kuna mstari ambao mtu hauoni, lakini ndio unaoamua kama ataumia au hataumia. Juu ya mstari huo hakuna mishipa ya fahamu ya kuhisi mkato au mchomo. Chini yake ipo tele. Bawasiri ya ndani hutokea juu ya mstari, na kwa sababu hiyo inaweza kutoa damu ya kutisha bila kuuma hata chembe. Madaktari huipanga kwa ngazi nne. Ya kwanza hutoa damu tu, haichomozi. Ya pili huchomoza wakati wa kujikamua na kurudi yenyewe. Ya tatu hairudi mpaka irudishwe kwa kidole. Ya nne imekwama nje, hata ukiisukuma hairudi. Tiba ya nyumbani ina nguvu kubwa kwenye mbili za kwanza, ina msaada wake kwenye ya tatu, na kwenye ya nne inapunguza karaha tu.

Bawasiri ya nje iko chini ya mstari na imefunikwa na ngozi ya kawaida. Inaweza kukaa kimya miaka, mpaka siku damu igande ndani yake. Hapo mtu hulala mzima akaamka na uvimbe mgumu, wa buluu au zambarau, unaomkatalia kukaa. Maumivu hupanda kwa siku mbili tatu, kisha huanza kushuka, na uvimbe hunywea wenyewe ndani ya wiki chache, wakati mwingine ukiacha kipande cha ngozi kinachoning'inia kisicho na madhara. Anayewahi hospitali ndani ya saa 72 za mwanzo anaweza kutolewa uvimbe huo kwa upasuaji mdogo wa ganzi. Akichelewa, kusubiri ndiyo njia nyepesi zaidi, maana maumivu yameshaanza kupungua.

Ukiushika mpaka huo wa maumivu, utaona jambo ambalo tangazo la nguzoni haliwezi kukuambia. Damu bila maumivu huelekea kuwa bawasiri ya ndani. Damu pamoja na maumivu makali, hasa yale yanayokata wakati choo kinapita na kuendelea kuwaka kwa saa nzima au zaidi baadaye, mara nyingi ni mpasuko wa ngozi ya mlangoni, ugonjwa mwingine kabisa. Mpasuko nao hupenda choo laini na beseni la maji ya uvuguvugu, lakini krimu zake ni nyingine, na wengi wanaosema "bawasiri yangu inauma kama wembe" wanao huo. Uvimbe unaopwita usiku na mchana, ukiambatana na homa, huenda ni jipu, na jipu la sehemu hiyo linapasuliwa. Antibaotiki peke yake mara nyingi haitoshi. Tundu dogo pembeni linalovuja usaha na majimaji, likiziba na kufunguka tena, ni fistula. Vinyama vingi vidogo vyenye uso wa kukwaruza huenda ni vigwaru, vinavyoletwa na virusi. Mtoto mdogo anayetokwa na kinyama anapojikamua, kile ambacho bibi zake watakiita kikundu, kwa kawaida hana bawasiri: mara nyingi ni utando wa puru, sehemu ya mwisho ya utumbo, uliotoka nje, na apelekwe kituoni.

Kuharisha damu na kamasi, na tumbo linasokota, hakuhusiani na bawasiri pia. Watu wa kusini wanaifahamu kichocho inayotoa damu kwenye mkojo, lakini ipo nyingine ya utumbo ambayo makazi yake makubwa nchini ni kandokando ya Ziwa Victoria. Mvuvi wa huku aliyewahi kwenda kufanya kazi kanda ya ziwa, akaona damu kwenye choo, amwambie mganga wa zahanati habari hiyo ya safari. Hakuna krimu itakayomsaidia.

Sahani ya kusini

Tukija kwenye kinga, jambo kubwa ni moja: choo kiwe laini na kitoke bila kujikamua. Mengine yote ni nyongeza.

Mtu mzima anahitaji gramu 25 hadi 30 za nyuzinyuzi kwa siku. Nyuzinyuzi ni ile sehemu ya mmea ambayo tumbo haliwezi kuisaga. Inashika maji, inakijaza choo na kukilainisha. Sasa itazame sahani ya kawaida ya Mikindani, Kilwa Masoko au Tandahimba. Ugali wa makopa, ambayo ni muhogo uliomenywa ukakaushwa ukatwangwa, una wanga mwingi na nyuzinyuzi chache. Sembe nyeupe imeshakobolewa, nayo wali mweupe vilevile. Samaki, pweza na dagaa ni chakula bora, ila hawana nyuzinyuzi hata gramu moja. Mboga ipo, lakini mara nyingi ni kidogo pembeni, ya kutelezeshea tonge. Hata korosho, pamoja na heshima yote tunayoipa, ina gramu tatu tu hivi kwa kila gramu mia.

Dawa iko ghalani. Kikombe kimoja cha mbaazi zilizochemshwa kina gramu 11 hivi za nyuzinyuzi, na kunde zinakaribia hapohapo. Yaani vikombe viwili kwa siku, mchana kimoja na usiku kimoja, vinakufikisha kwenye gramu 22 kabla hujahesabu kitu kingine. Lindi na Mtwara ni katika mikoa inayolima mbaazi kwa wingi nchini, nyingi zikilengwa soko la India. India ilipoweka ukomo wa kuagiza mwaka 2017 bei ikaporomoka, na mbaazi zikabaki majumbani kwa watu. Huzuni ya mkulima ilikuwa ya haki, lakini kwa jicho la utumbo, gunia la mbaazi lililokosa mnunuzi lilikuwa na thamani kuliko dawa nyingi zinazouzwa kwa jina la bawasiri.

Ongeza matembele, kisamvu, majani ya kunde, bamia na mlenda, tena kwa bakuli badala ya kijiko. Chungwa liliwe na nyama yake. Juisi iliyochujwa imeacha nyuzinyuzi kwenye chujio. Pera dogo moja lina gramu tatu. Embe, papai na ming'oko ya kuchemsha vyote vina mchango wake. Mwenye kusaga mahindi asage dona. Yote haya yapandishwe polepole, kwa wiki mbili au zaidi, kwa sababu aliyezoea makopa akivamia vikombe viwili vya mbaazi siku ya kwanza atajaa gesi, atalaumu mbaazi, na ataacha.

Hili halisemwi kwa kukisia. Mwaka 2005 ulichapishwa uchambuzi uliokusanya tafiti 7 zenye jumla ya wagonjwa 378 wa bawasiri, baadhi wakiongezewa nyuzinyuzi na wengine hapana. Walioongezewa walikuwa na uwezekano mdogo, kwa karibu nusu, wa kubaki na dalili zao, na kutokwa na damu nako kulipungua kwa nusu. Kwa kuchomoza na kuwasha, uchambuzi huo haukuonyesha tofauti ya uhakika. Hapo pana uungwana wa kisayansi unaofaa kuigwa: damu itapungua, lakini kinyama kilichokwishateremka sana hakiahidiwi kupanda kwa mbaazi.

Nyuzinyuzi bila maji hukaza choo badala ya kukilegeza. Hapa nakiri kwamba ushauri wa "kunywa maji mengi" ni rahisi kutolewa na mtu aliye karibu na bomba. Juu ya uwanda wa Makonde, Newala na Tandahimba, hakuna mito. Vizazi vya wanawake vilishuka mabondeni kuchota, na nyumba nyingi bado zinategemea maji ya mvua yaliyohifadhiwa. Mtu wa huko hupima maji kabla ya kunywa, na asubuhi ya palizi huenda shamba na chupa moja kwa siku nzima ya jua. Kipimo kizuri kuliko kuhesabu glasi ni mkojo: ukiwa wa njano iliyokolea, maji hayatoshi. Uji, mchuzi, supu na madafu vyote vinahesabika. Uraka na pombe nyingine havihesabiki, kwa kuwa pombe hukamua maji mwilini.

Mwezi wa Ramadhani una hesabu yake. Kuanzia futari hadi daku kuna saa chache za kunywa, na futari yetu ya muhogo wa nazi, magimbi na kaimati ni wanga juu ya wanga. Mwenye bawasiri anywe maji kidogo kidogo usiku kucha badala ya kujaza tumbo mara moja, na kwenye futari asikose mbaazi au kunde, tunda, na tende zake.

Kuhusu choo chenyewe. Haja ikikujia, nenda. Ikizuiwa, choo hurudi juu, maji yake hunyonywa na utumbo, na kesho yake kimekuwa kigumu. Wanaozuia zaidi ni watu ambao kazi yao haina choo cha karibu: mama wa sokoni, dereva wa bodaboda, mbanguaji wa korosho anayelipwa kwa kilo. Wasafiri wa basi la Dar es Salaam nao, zaidi ya kilomita 550, hukataa hata maji wasije wakaaibika njiani. Nisingewalaumu, ningewalaumu wanaojenga stendi na masoko bila vyoo vya kutosha.

Ukishachuchumaa, dakika tatu hadi tano zinatosha. Kisipotoka, inuka, rudi baadaye. Kwa wenye choo cha kukaa, kigoda kidogo chini ya miguu kikiinua magoti juu ya nyonga hunyoosha njia na kupunguza kusukuma. Simu ibaki nje. Mwaka 2025 watafiti wa Boston, Marekani, waliwachunguza utumbo kwa kamera watu wazima 125, na waliokuwa na tabia ya kuingia chooni na simu walikuwa na uwezekano wa kuwa na bawasiri mkubwa kwa asilimia 46 kuliko wasioingia nayo. Choo cha shimo cha huku kwetu, kwa harufu na inzi wake, kina uzuri huo mmoja: hakimkaribishi mtu kukaa akitazama video.

Ikishavimba

Beseni la plastiki, safi, lililotengwa kwa kazi hiyo peke yake. Tia maji ya uvuguvugu yanayofunika makalio, yajaribu kwa kiwiko kwanza, kisha kaa dakika 10 hadi 15, mara mbili au tatu kwa siku na baada ya kila choo kama inawezekana. Usiongeze dettol, wala sabuni, wala majani. Chumvi si ya lazima. Maji hayo hayaondoi bawasiri. Yanalegeza misuli iliyokakamaa kwa maumivu, na hilo ni jambo kubwa kwa mtu ambaye hawezi kukaa. Jikaushe kwa kugusisha kitambaa laini bila kusugua. Kwa uvimbe wa damu iliyoganda, siku mbili za mwanzo barafu iliyofungwa kwenye kitambaa, dakika kumi kumi, husaidia zaidi.

Maumivu yatulizwe kwa paracetamol, kwa kipimo kilichoandikwa kwenye pakiti. Diklofenaki na ibuprofeni zinaweza kuzidisha kutoka damu, na wajawazito na wenye vidonda vya tumbo waziepuke. Tramadol na kodeini, ambazo watu hupeana kirafiki, hufunga choo kabisa, yaani zinatuliza maumivu ya leo na kuyapanda ya wiki ijayo. Krimu yenye dawa ya ganzi au haidrokotizoni hupunguza kuwasha na uvimbe, lakini isipite siku saba, maana haidrokotizoni ikizidi huikondesha ngozi. Mafuta ya nazi au ya mgando yakipakwa kidogo kabla ya kwenda choo hulainisha njia, na hayana ubaya. Bawasiri ya ngazi ya tatu irudishwe ndani kwa kidole safi kilichopakwa mafuta, taratibu, ukiwa umelala ubavu. Ikikataa, usilazimishe.

Ikiwa chakula hakijaanza kufanya kazi, unga wa ispaghula au sharubati ya laktulosi kutoka duka la dawa hulainisha choo bila kumsokota mtu. Mshubiri wa kunywa na mafuta ya nyonyo huendesha kwa nguvu, mjamzito asivitumie. Mwarobaini una sifa nyingi Uswahilini, lakini kwa bawasiri sijaona uthibitisho wa kunifanya niushauri.

Cha kuogopwa hasa ni dawa za kupaka zinazochoma. Unga, majani yaliyotwangwa, mafuta ya taa, ugoro, kitunguu saumu kinachoingizwa usiku, sindano anazochoma mtu wa mtaani kwenye chumba cha kupanga: vyote vinauzwa au kushauriwa kwa maelezo kwamba kuwaka ndiyo dalili ya kinyama kuyeyuka. Kila aliyewahi kubangua korosho anajua mafuta ya ganda yanavyotoa malengelenge kwenye vidole, na kidole kina ngozi nene. Dawa inayowaka kwenye utando wa haja kubwa inafanya kazi ileile, kuunguza. Kidonda kikipona hukaza kovu, mlango huwa mwembamba, na mtu aliyekuwa na tatizo la damu kidogo anaishia na choo kisichopita. Mganga wa tiba asili aliyesajiliwa na Baraza la Tiba Asili na Tiba Mbadala, lililoundwa kwa sheria ya mwaka 2002, anaweza kuulizwa cheti chake, na mwenye cheti hachukii swali hilo.

Mama mjamzito anahitaji neno lake peke yake. Bawasiri ya miezi mitatu ya mwisho na ya siku za kwanza baada ya kujifungua ni ya kawaida sana, na nyingi hunywea zenyewe wiki kadhaa baadaye. Vidonge vya kuongeza damu anavyopewa kliniki hukaza choo na kukifanya cheusi. Asiviache, kwani damu anaihitaji. Amweleze muuguzi, na aongeze mbaazi, matunda na maji. Udongo wa kula unaouzwa sokoni nao hukaza choo na kuzuia madini ya chuma yasinyonywe, hivyo unampiga mara mbili. Na wakati wa kumkanda mzazi, bibi mwenye maji ya moto aikwepe sehemu hiyo: maji ya kukandia tumbo ni moto mno kwa bawasiri iliyovimba, na ngozi ya hapo huungua upesi.

Pilipili haileti bawasiri, ingawa inaweza kuwasha mahali palipokwisha kuchubuka. Kukaa juu ya jiwe la moto au kiti cha pikipiki kilichopigwa na jua hakuleti pia. Kinacholeta madhara kwa dereva ni kuzuia haja na kushinda bila maji. Bawasiri haipunguzi nguvu za kiume, labda kwa usiku ule mtu anapoumwa. Wapo pia wanaume wanaoogopa kwamba ugonjwa wa sehemu hiyo utasomwa kama habari za chumbani kwao. Huo si ushahidi wa lolote: hupata bawasiri bibi, imamu, mwalimu na mchezaji mpira, na mhudumu wa afya amewaona wote.

Lini uondoke nyumbani

Tiba ya nyumbani ipewe wiki moja kwa maumivu, na wiki chache kwa damu ndogo ambayo imeshatazamwa na mtaalamu angalau mara moja. Sharti hilo la mwisho ndilo watu wanaloliruka. Saratani ya utumbo mpana nayo hutoa damu, na kwa mgonjwa anayeona aibu damu yote huitwa bawasiri. Aliyefikisha miaka 40 na kuona damu kwa mara ya kwanza asijitibu kabla ya kuchunguzwa. Wa umri wowote aende ikiwa damu imechanganyika na choo chenyewe, choo kimebadilika kuwa chembamba au cha kuharisha kwa wiki kadhaa, uzito unashuka, au ndugu wa damu aliwahi kuwa na saratani ya utumbo. Choo cheusi cha kunata kama lami, kwa mtu asiyemeza vidonge vya chuma, kinatoka juu tumboni na ni dharura ya siku hiyohiyo. Ni dharura pia homa na uvimbe, kushindwa kukojoa, damu isiyokatika, kizunguzungu na moyo kwenda mbio. Damu kidogo ya kila siku kwa miezi humaliza damu mwilini pole pole, na katika mikoa yenye malaria na minyoo ya safura akiba ya wengi tayari ni ndogo.

Anza zahanati au kituo cha afya. Ikihitajika utapewa rufaa, Ligula kwa walio Mtwara, Sokoine kwa walio Lindi, na bara kuna hospitali za misheni za Ndanda na Nyangao. Juu yake ipo Hospitali ya Rufaa ya Kanda ya Kusini, pale Mitengo. Uchunguzi wenyewe ni wa dakika chache. Unalala ubavu wa kushoto, magoti yamekunjwa kuelekea kifuani, shuka limekufunika. Daktari anatazama nje, anaingiza kidole chenye glavu na mafuta, kisha mrija mfupi wenye mwanga. Unaweza kuomba mhudumu wa jinsia yako, na unaweza kuomba awepo mtu wa pili chumbani. Bawasiri ya ndani mara nyingi haishikiki kwa kidole, hivyo aliyepimwa kwa kidole tu akaambiwa hana, aulize kuhusu mrija.

Ikithibitika na nyumbani pameshindikana, ngazi ya kwanza hadi ya tatu hufungwa pete ndogo ya mpira kwenye shina lake, juu ya ule mstari, pasipo na maumivu. Kifuko hukosa damu, hukauka na kudondoka chenyewe baada ya wiki moja hivi. Wengine huchomwa sindano ya fenoli iliyochanganywa na mafuta, kwa mkono wa mtu aliyesomea, nayo hukaza nyuzi zilizolegea. Upasuaji wa kukata unabaki kwa ngazi ya nne na kwa zilizoshindikana. Ndio wenye matokeo ya kudumu zaidi na ndio wenye maumivu zaidi: wiki mbili hadi nne kabla mtu hajarudi shambani sawasawa, kwa hiyo mkulima wa korosho anayeweza kuchagua asiupange kuelekea Oktoba. Aliyefungwa pete ategemee matone ya damu siku kipande kinapodondoka, kati ya siku ya tano na ya kumi. Damu ikiwa nyingi, au ikija homa na kushindwa kukojoa, arudi hospitali usiku huohuo bila kungoja kupambazuke.